Nguruwe arobaini wa Rochester: ngome ilivyoangushwa katika Ulaya ya Zama za Kati

Tarehe 25 Novemba 1215, Mfalme John wa Uingereza alimwandikia Hubert de Burgh, jaji wake mkuu, amletee kwa haraka, usiku na mchana, nguruwe 40 walionona, wa aina isiyofaa sana kuliwa. Hakuwa na karamu. Chini ya pembe moja ya mnara mkuu wa Rochester, katika Kent, wachimbaji wake walikuwa wamekwisha kufukua pango na kulishikiza kwa magogo. Kilichobaki ni moto, na moto ule ulihitaji mafuta.

Amri ile imehifadhiwa mpaka leo, na kwangu inafundisha kuhusu vita vya Zama za Kati kuliko picha zote za wapanda farasi waliovaa chuma. Vita vya kukutana uwanjani, jeshi kwa jeshi, vilikuwa haba. Mfalme mwenye akili aliviepuka, kwa sababu alasiri moja ingeweza kumpotezea kila kitu. Kazi ya kila siku ilikuwa kuzingira ngome. Aliyeshika ngome alishika njia, daraja, soko na mashamba ya pande zote. Jeshi likiipita na kuiacha nyuma, walinzi wake walitoka na kuyakamata magari ya chakula.

Aliyeubeba mzigo huo ni mkulima. Katika mfumo wa umwinyi, bwana alipewa ardhi na aliye juu yake kwa sharti la kumpigania, na kwa desturi utumishi huo ulikuwa siku 40 kwa mwaka. Mtwana aliyelima ardhi hiyo ndiye aliyelipia farasi, upanga na joho la minyororo kwa jasho lake. Siku 40 zikiisha, mpanda farasi alikuwa na haki ya kurudi nyumbani, hata kama ukuta ulibakiza kidogo tu uanguke. Ndiyo maana wafalme wa Uingereza walizidi kupendelea kupokea fedha badala ya utumishi, malipo yaliyoitwa fedha ya ngao, kisha kwa fedha hiyo wakakodi askari wa mshahara. Wengi wa waliokuwa na John pale Rochester walikuwa watu wa namna hiyo, kutoka ng'ambo ya bahari.

Fanya hesabu kidogo. Mtu mmoja wa kazi nzito hula mkate wa kama kilo moja kwa siku. Watu 1,000 ni tani nzima kila siku. Wiki saba ni tani 49, na hapo hujamlisha farasi hata mmoja, naye farasi wa vita anataka kama kilo tano za nafaka na nyasi kavu za uzito huo huo au zaidi, kila siku. Magari ya ng'ombe yalikwenda polepole, na ng'ombe nao walikula. Kwa hiyo mzingiraji alivila vijiji vilivyomzunguka, na vikimalizika akaanza kuona njaa yeye mwenyewe. Shindano lilikuwa hilo: nani atamaliza unga kwanza, aliye ndani au aliye nje.

Sasa turudi Rochester. Mnara ule ulianza kujengwa mwaka 1127 na William de Corbeil, Askofu Mkuu wa Canterbury, na tangu hapo ngome ilikuwa chini ya dhamana ya kiti hicho cha uaskofu. Una urefu wa kama mita 34, na kuta zake chini zinafikia unene wa kama mita tatu na nusu. Ndani umegawanywa na ukuta wa kati, toka chini mpaka juu. Miezi minne baada ya Hati Kuu (Magna Carta) ya Juni 1215, mapatano ya John na mabwana wake, mabwana walioasi wakiongozwa na William d'Aubigny waliingia humo na wapanda farasi karibu mia. Walikuta ghala likiwa halina chakula cha kutosha. Hilo ndilo kosa lililowaponza. Ngome hutiwa chakula kabla adui hajaonekana barabarani, na wao walikuwa na siku mbili tatu tu kabla John hajafika tarehe 13 Oktoba na kulivunja daraja la mto Medway ili msaada usitoke London.

Mara tu alipofika, John aliandika Canterbury akitaka wahunzi wafue sururu, nyingi kadiri iwezekanavyo, mchana na usiku. Ni jambo linaloonyesha alivyokuwa na hamu ya kuchimba tangu mwanzo. Mitambo mitano ya kurusha mawe ilifanya kazi bila kupumzika lakini haikuutikisa mnara wenyewe. Kazi ikaangukia watu wa sururu.

Kuchimba chini ya ukuta kulikuwa na utaratibu wake, na kila hatua ilikuwa na mahali pa kuharibikia.

Kwanza ni kuchagua mahali. Ngome iliyokaa juu ya mwamba mgumu itachosha wachimbaji kwa miezi, na iliyozungukwa na handaki lenye maji italijaza shimo. Udongo wenye chokaa, kama ule wa Kent, unakatika vizuri na unajishikilia. Kisha huchaguliwa pembe. Mnara wa mraba una udhaifu kwenye pembe: kuta mbili zinakutana hapo, uzito wao wote unashuka mahali pamoja, na ukiondoa jiwe la pembe hakuna kitu upande wa pili cha kulisaidia. Tena mlinzi aliye juu hawezi kuona vizuri mguu wa pembe bila kuinama nje, na akiinama anapigwa mshale. Mnara wa duara hauna pembe hiyo. Unausambaza uzito, na jiwe la mtambo hugonga ubavuni mwake likateleza. Katika karne ya 13 minara ya duara ilienea sana. (Atakayesimama mbele ya Fort Jesus, Mombasa, iliyoanza 1593, ataona hatua nyingine: kuta fupi, nene, zenye vichwa vilivyochongoka ili mizinga ifagie kila mguu wa ukuta. Swali ni lile lile la Rochester, yaani nani anaona mguu wa ukuta.)

Pili ni kuufikia ukuta ukiwa hai. Wachimbaji walijificha chini ya banda la magogo lenye paa la mgongo, wakalisukuma mpaka ukutani. Paa lilifunikwa ngozi mbichi zilizolowanishwa, maana ngozi kavu ingeshika moto. Banda hilo walilipa majina ya wanyama, paka au nguruwe jike. Kama ardhi iliruhusu, shimo lilianza mbali, nyuma ya kilima au nyumba, ili aliye juu asijue linaelekea wapi. Udongo ulitolewa kwa vikapu na kufichwa, kwa sababu rundo jipya la udongo ni taarifa kwa adui.

Tatu, na hapa ndipo penye ufundi, ni kuubadilisha msingi. Kila jiwe lililotolewa, gogo lilisimamishwa mahali pake, na ubao mzito ukalazwa juu ya gogo kuupokea ukuta. Jiwe, gogo. Jiwe, gogo. Ukiharakisha ukatoa mawe matatu kabla ya kusimamisha gogo, ukuta unakushukia wewe. Ukisimamisha magogo mengi mno, moto hautayala yote na ukuta utakaa tu, umeinama kidogo, juu ya mkaa. Pango lilipokuwa pana kiasi, lilijazwa matawi makavu, nyasi, lami, chochote kinachoshika moto.

Moto wenyewe ulikuwa na shida zake. Chini ya ardhi hakuna hewa. Moto usio na tundu la kuvutia hewa hutoa moshi na kufa. Tena magogo yaliyokaa chini wiki kadhaa yamenyonya unyevu wa udongo. Hapa mafuta ya nguruwe ndiyo yanapoeleweka: yanayeyuka, yanaingia katika nyuzi za mbao, yanawaka kwa joto kali na kwa muda mrefu, na hayazimwi na unyevu mdogo. Nguruwe wa kuliwa angekuwa hasara, ila aliyejaa mafuta na nyama mbaya ni kuni bora. John alijua anachokitaka.

Waliomo ndani hawakukaa tu. Waliweka mabakuli ya maji sakafuni na kuyatazama: maji yakitetemeka, kuna sururu chini. Wakishajua upande, walichimba shimo lao kuliendea la adui, wakakutana gizani kwa visu, au wakalifukiza kwa moshi. Katika ngome ya St Andrews, Uskoti, mashimo ya aina hiyo yapo mpaka leo, ya mzingiro wa 1546 hadi 1547. La washambuliaji ni pana, lenye hata ngazi. La walinzi ni jembamba, linapinda huku na huku kama mtu anayepapasa, baada ya majaribio mawili matatu yaliyokwenda kombo, mpaka linapotoboa juu ya lenzake. Mtalii anaweza kuingia na kutambaa humo.

Pale Rochester pembe ya kusini-mashariki ilianguka. Na bado mnara haukutwaliwa. Wale waliomo walirudi nyuma ya ule ukuta wa kati na kuendelea kupigana katika nusu ya nyumba. Walikuwa wameshaanza kula farasi wao wa vita, mali ya thamani kuliko yote aliyokuwa nayo mpanda farasi. Tarehe 30 Novemba walisalimu amri. Kilichowatoa ni tumbo. Pembe iliyoanguka ilijengwa tena baadaye, safari hii kwa umbo la duara, na anayefika Rochester leo anaona mnara wenye pembe tatu za mraba na moja ya mviringo.

Mitambo ya mawe inastahili maneno yake, kwa kuwa watu huiona kama kitu cha nguvu tu, na kumbe ilikuwa kazi ya vipimo. Trebusheti ya uzani, iliyoenea toka mwisho wa karne ya 12, ni boriti ndefu iliyopachikwa kwenye ekseli karibu na mwisho mmoja. Upande mfupi unabeba sanduku la mawe, udongo au madini ya risasi. Upande mrefu una kombeo lenye jiwe. Boriti huvutwa chini kwa roda, hufungwa kwa komeo, komeo likifyatuliwa sanduku linaanguka, boriti inapaa, na kombeo linamalizia kwa mzunguko. Jiwe huachiwa pale kitanzi kimoja cha kombeo kinapochomoka kwenye ndoano ya ncha ya boriti. Ndoano ikikunjwa kidogo, jiwe huchelewa kutoka na kwenda chini. Ikinyooshwa mno, jiwe hutoka mapema na kuruka juu tu, na kuna hatari ya kurudi kwa waliolirusha.

Nchini Denmark, huko Nykøbing, kulijengwa nakala mwaka 1989. Kwa uzani wa tani mbili ilirusha mpira wa kilo 15 umbali wa kama mita 180, na mipira iliangukia karibu mahali pale pale mara kwa mara. Hapo ndipo ilipo nguvu ya mtambo huu: unapiga jiwe lile lile la ukuta kutwa nzima. Sharti lake ni kwamba mawe yawe na uzito mmoja. Waashi walikaa kambini wakichonga mawe kuwa mviringo na kuyapima, maana jiwe lililozidi mengine kwa kilo mbili linaangukia uwanjani. Kamba za kombeo zikilowa mvua hubadilika urefu na kuwa nzito, na vipimo vyote vya jana havifai tena.

Na Kanisa? Lilikuwa ndani ya mambo haya yote, hata juu ya paa. Mwaka 1304 Edward I, mfalme wa Uingereza, alipoizingira Stirling, ngome ya Uskoti, aliagiza madini ya risasi yang'olewe kwenye mapaa ya makanisa ya jirani ili yawe uzani wa mitambo yake, ila sehemu iliyo juu ya altare iachwe imefunikwa. Mfalme aliyaona mapaa kama shehena ya risasi, na bado akaiogopa altare. Wakati John akiwa Rochester, mtawa mmoja aliandika kwa uchungu kwamba askari wa mfalme walifungia farasi ndani ya kanisa kuu la mji.

Karne mbili kabla ya hapo maaskofu walijaribu kuikaba vita shingoni. Mkutano wa Charroux, Ufaransa, mwaka 989, ulitamka laana juu ya watu wa aina tatu: wavunjao makanisa, wampigao padre asiye na silaha, na wamnyang'anyao mkulima au maskini ng'ombe, punda, mbuzi au nguruwe wake. Soma orodha hiyo utajua vita ilimwangukia nani. Mwaka 1027, huko Toulouges, ikaongezwa kwamba hakuna kupigana toka Jumamosi jioni hadi Jumatatu asubuhi. Baadaye zuio likavutwa lianze Jumatano jioni, na Majilio na Kwaresima zikaingizwa humo. Mwenye kulifuata kikamilifu angebaki na siku chache mno za kupigana.

Silaha ya maaskofu ilikuwa kiapo juu ya masalia ya watakatifu na kutengwa na sakramenti. Iliwafaa kwa mabwana wadogo, waliokuwa wakitafuta jina jema mbele ya majirani. Kwa wakubwa ilipwaya: zuio lilipotangazwa Caen mwaka 1047, mtawala wa Normandy na mfalme wa Ufaransa waliwekwa nje yake. Amani ya Mungu, kama juhudi hizi zilivyoitwa, ikawa njia ya mtawala kuwanyima wengine vita na kujibakizia yake. Hata hivyo sioni kuwa ilikuwa kazi bure. Mtu wa shamba na ng'ombe wake walitajwa katika sheria ya vita kuwa wasiguswe.

Wenye kuua waliungama pia, na hapa kuna waraka ambao kila anayesoma historia hii angeuweka karibu. Miaka michache baada ya Wanormandi kuwashinda Waingereza huko Hastings mwaka 1066, maaskofu wa Normandy, pamoja na mjumbe wa Papa, Ermenfrid wa Sion, waliwapangia malipizi askari walioshinda, ingawa walipigana chini ya bendera iliyobarikiwa na Papa. Aliyejua ameua mtu katika vita ile kuu, mwaka mmoja wa malipizi kwa kila aliyemuua. Aliyemjeruhi mtu asijue kama alikufa, siku 40 kwa kila mmoja. Asiyejua idadi, siku moja kila wiki maisha yake yote, au ajenge au alitunze kanisa. Aliyetaka kupiga lakini hakumpata mtu, siku tatu. Na wapiga mishale, ambao hawakuweza kujua mishale yao iliwaangukia akina nani, Kwaresima tatu. Kuna mtu alikaa akafikiri juu ya mpiga upinde, juu ya mshale unaopotea katika umati, na akatafuta namna ya kuupima.

Upinde wa mtambo, ule unaokazwa kwanza kisha kufyatuliwa kwa kichochezi, ulipigwa marufuku dhidi ya Wakristo na Mtaguso wa Pili wa Laterano, mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1139. Wafalme kwa jumla hawakutii. Ni silaha inayofunzwa kwa wiki chache na inayotoboa joho la minyororo, na nyuma ya tundu la ukuta haina mpinzani, kwa kuwa mpigaji anaweza kuikaza, akakaa nayo tayari, akangoja uso utokeze. Richard I, kaka yake John, alipigwa na mshale kama huo begani huko Châlus tarehe 26 Machi 1199. Jeraha likaoza, akafa tarehe 6 Aprili.

Maji yaliamua mengi kuliko mishale. Minerve, kusini mwa Ufaransa, ilikuwa juu ya genge kati ya makorongo mawili, na kisima chake kilikuwa chini ya genge, kikifikiwa kwa njia iliyofunikwa. Mwaka 1210, katika vita takatifu dhidi ya Wakathari, watu ambao Kanisa liliwahesabu wazushi, Simon de Montfort aliweka trebusheti kubwa iliyoitwa Jirani Mbaya na kuielekeza kwenye njia ile. Usiku mmoja walinzi walitoka na vikapu vya mafuta wakautia mtambo moto. Fundi mmoja aliyekuwa ametoka kwenda haja aliwaona, akapiga kelele, akachomwa mkuki, lakini wenzake waliamka na moto ukazimwa. Njia ya kisima ilibomolewa, na katika joto la Julai mji ukajisalimisha. Wakathari wapatao 140 walikataa kuiacha imani yao wakachomwa moto.

Chakula kilikuwa na ukatili wake. Huko Château Gaillard, ngome aliyoijenga Richard juu ya mto Seine, mfalme Philip Augustus wa Ufaransa alizingira toka 1203 hadi Machi 1204. Wenyeji wa mji wa chini walikuwa wamekimbilia ndani. Kamanda Roger de Lacy alipohesabu ghala aliwatoa nje wale waliokuwa wakiitwa vinywa visivyo na faida: wazee, wanawake, watoto. Makundi ya kwanza Wafaransa waliyapitisha. Kundi la mwisho Philip alilikatalia, na mlango wa ngome ulikuwa umefungwa nyuma yao. Mamia walikaa miezi ya baridi kati ya ukuta na mistari ya adui, wakila majani na mbwa. Philip alipowaachia na kuwapa chakula, wengi walikufa wakila, kwa kuwa mwili uliokauka kwa njaa hauwezi kupokea mlo mzito kwa ghafla.

Na aliyezingira naye alikuwa na adui kambini mwake. Maelfu ya watu na farasi mahali pamoja kwa wiki kadhaa, choo na mto vikikaribiana, huleta kuhara damu. Henry V, mfalme wa Uingereza, alishuka Harfleur, bandari ya Ufaransa, Agosti 1415, na mji ulipofunguliwa tarehe 22 Septemba sehemu kubwa ya jeshi lake ilikuwa imekufa au imerudishwa nyumbani ikiwa mgonjwa. Yeye mwenyewe alikufa kwa ugonjwa huo mwaka 1422. John aliondoka duniani kwa kuhara damu Oktoba 1216, hata mwaka haujatimia toka Rochester.

Kusalimu amri nako kulikuwa na sheria. Ngome ikikubali kufunguliwa mapema, waliomo hutoka na maisha yao, mara nyingine na silaha zao. Ikitwaliwa kwa nguvu hawakuwa na haki yoyote. Kulikuwa pia na njia ya kati: kuahidi kusalimu siku fulani msaada usipofika. Kamanda wa Kiingereza wa Stirling, alipozingirwa na Waskoti, alifanya hivyo, akaweka tarehe 24 Juni 1314, na ahadi hiyo ndiyo iliyomleta Edward II na jeshi lake Bannockburn, akashindwa.

John, baada ya wiki saba, watu wengi kupotea na fedha nyingi kuisha, alitaka kuwanyonga wote waliotoka mnarani. Savari de Mauléon, mmoja wa makamanda wake, alimkataza. Vita bado haijaisha, alimwambia: ukiwanyonga hawa, kesho ngome yetu ikitwaliwa watatunyonga sisi, na nani atakubali kukutumikia? Mabwana wakapelekwa vifungoni kungoja fidia. Mwandishi mmoja wa wakati ule anasema aliyenyongwa ni mtu mmoja tu, mpiga upinde wa mtambo ambaye John mwenyewe alikuwa amemlea tangu utotoni.